Mtoto na Motokaa

Msomaji, liko neno moja katika lugha yetu ambalo kila mtu hulitamka, walakini ni wachache wakaao na kulipima. Neno hilo ni ajali. Katika Kiarabu, ambako lilitoka, maana yake ni muda uliowekwa, yaani saa ya mtu ya kufa iliyokwisha kuandikwa. Katika Kiswahili neno hili limebeba mizigo miwili kwa pamoja: ni majaliwa ya Mungu, na tena ni motokaa iliyomgonga mtu njiani. Kwa sababu hiyo watu husema, Ajali haina kinga. Methali hii hufariji sana penye msiba. Lakini neno lifarijilo penye msiba laweza kudhuru penye baraza, ambapo watu wamekaa kushauriana jinsi ya kuuzuia msiba wa kesho. Katika insha hii nataka kukuonyesha, kwa ushahidi wa historia, kwamba kufa kwa watoto barabarani ni jambo lenye mwanzo, lenye sababu, na lenye kinga.

Ninayo sababu yangu ya kuliandika jambo hili, wala sitakuficha. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi, baada ya kutoka chuo cha ualimu, nilikabidhiwa darasa la 2 katika shule iliyokuwa kando ya barabara kuu. Miongoni mwa masomo niliyofundisha lilikuwamo la kuvuka barabara. Tuliliimba: tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena, kisha vuka. Alikuwako msichana mmoja wa miaka 7 aliyelijua somo hilo kuliko wenzake wote. Nilipouliza, mkono wake ndio uliotangulia kuinuka. Ijumaa moja jioni, wakati wa kwenda nyumbani, alimwona mama yake ng'ambo ya pili akitoka sokoni. Alifurahi, akapiga mbio kumwendea. Hakutazama kulia wala kushoto. Alimtazama mama yake. Lori lililokuwa likija halikuweza kusimama.

Katika mazishi wazee walisema, Ajali haina kinga, nasi sote tukaitikia. Mimi niliitikia kwa midomo, lakini moyoni nilikuwa na swali: ikiwa mtoto aliyejua somo langu kuliko wote ndiye aliyekufa, je, kosa lilikuwa la mtoto, la somo, au la barabara? Nimelitafutia swali hilo jibu kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya jibu niliipata katika historia ya nchi nyingine, zilizoonja uchungu huu kabla yetu.

Kwa maelfu ya miaka njia ilikuwa mali ya wote. Katika miji ya Ulaya na Marekani, kama vile katika miji yetu ya pwani, watu walipita, walisimama kuzungumza, waliuza bidhaa zao, na watoto walicheza humo. Farasi na magari ya kukokotwa yaliumiza watu pia, maana hakuna zama zisizo na hatari. Lakini mwendo wake ulikuwa wa kadiri ambayo hata mtoto aliweza kuupima kwa jicho lake. Kisha yakaja magari ya mvuke. Sheria ya Uingereza ya mwaka wa 1865 iliamuru kwamba gari la namna hiyo lisizidi mwendo wa maili 4 kwa saa mashambani na maili 2 mijini, na kwamba mtu mmoja atangulie mbele yake kwa miguu, amechukua bendera nyekundu. Leo tukisoma habari hiyo twacheka. Kabla hujacheka, msomaji, tafakari maana yake: yule aletaye hatari ndiye aliyetwikwa mzigo wa kujihadhari. Kumbuka jambo hilo, maana ndilo uti wa mgongo wa habari yote itakayofuata.

Mnamo tarehe 17 Agosti, 1896, mama mmoja aitwaye Bridget Driscoll, mwenye umri wa miaka 44, alikuwa akitembea na binti yake katika uwanja wa Crystal Palace, London. Motokaa ya maonyesho ikamgonga, akafa. Yeye ndiye mtu wa kwanza aendaye kwa miguu kuuawa na motokaa katika Uingereza. Baraza lililochunguza kifo hicho liliamua kuwa ni ajali tu, na yasimuliwa kwamba ofisa aliyeliongoza alitumaini kuwa jambo kama lile halitatokea tena kamwe. Walakini mwaka ule ule sharti la mtu kutangulia kwa miguu liliondolewa, na motokaa zikaruhusiwa kwenda hata maili 14 kwa saa. Tumaini la yule ofisa lilikuwa jema, lakini tumaini peke yake halijengi uzio.

Sasa na tuvuke bahari twende Marekani. Huko motokaa ziliongezeka upesi kuliko mahali pengine popote duniani, hasa baada ya mwaka wa 1908, Henry Ford alipoanza kuuza motokaa za bei nafuu. Nyumba za maskini katika miji mikubwa zilikuwa finyu, kwa hiyo uwanja wa mtoto wa maskini ulikuwa ni njia iliyopita mlangoni pake. Katika uwanja huo ndimo motokaa zilimoingia. Watoto wakafa kwa mamia katika mji mmoja kwa mwaka mmoja. Wananchi hawakusema kuwa ni majaliwa, walikasirika. Katika mwezi wa Oktoba, 1922, watoto 10,000 waliandamana katika mji wa New York, na kati yao 1,054 walikuwa wakiwakilisha watoto waliokufa kwa ajali mjini humo katika mwaka wa 1921. Katika mwaka huo wa 1922 mji wa Baltimore ulijenga mnara wa ukumbusho wa watoto 130 waliouawa kwa ajali mwaka uliotangulia, kama vile wajengewavyo askari waliokufa vitani.

Mwaka wa 1923 wakazi wa mji wa Cincinnati walifanya jambo la ajabu. Watu 42,000 walitia sahihi zao kutaka kila motokaa ifungwe kifaa cha kuizuia isipite mwendo wa maili 25 kwa saa, yaani kama kilomita 40. Wenye biashara ya motokaa wakashtuka. Walitambua kwamba chombo kisichoweza kwenda mbio hakitanunuliwa. Wakatumia fedha nyingi na maneno mengi, na shauri lile likashindwa katika kura za mwezi wa Novemba mwaka huo. Tangu hapo vyama vya wenye motokaa vilishika njia nyingine: badala ya kubishana juu ya mwendo, vikabadili fikira za watu juu ya nani mwenye njia.

Walianza na neno. Katika Kiingereza cha Marekani lilikuwako neno la dhihaka, jay, lenye maana ya mshamba asiyejua mambo ya mjini. Mtu aliyekatiza barabara mahali apendapo akaitwa jaywalker, yaani mpita njia mshamba. Waliokatiza walichekwa hadharani. Shuleni watoto wakafundishwa kwamba barabara si mahali pao. Na mnamo mwaka wa 1925 mji wa Los Angeles ukatia sheria ya kuwazuia waendao kwa miguu wasivuke ila penye vivuko. Hivyo katika muda wa miaka isiyozidi 10 mambo yaligeuka juu chini. Zamani dereva aliyemgonga mtoto alihesabiwa kuwa ndiye mkosaji. Sasa watu wakaanza kuuliza, mtoto yule alikuwa akifanya nini barabarani? Sisi tunayo methali, Mwenye nguvu mpishe. Ni shauri jema kwa mtu mzima akutanaye na ng'ombe mkali. Lakini serikali ikiifanya kuwa sheria ya nchi, mnyonge wa kwanza kulipa ni mtoto.

Uingereza nayo ilipata somo lake. Katika mwaka wa 1930 Bunge liliondoa kabisa mpaka wa mwendo kwa motokaa ndogo, kwa kuwa ule wa zamani, maili 20 kwa saa, ulikuwa hauheshimiwi na mtu. Mwaka wa 1934 watu 7,343 waliuawa barabarani, na karibu nusu yao walikuwa waendao kwa miguu. Ndipo waziri Leslie Hore-Belisha alipochukua hatua: vivuko viliwekwa alama za nguzo zenye tufe la rangi ya machungwa, na katika mwaka wa 1935 mwendo wa maili 30 kwa saa uliwekwa kuwa ndio mwisho penye makazi ya watu, na kila dereva mpya akatakiwa kufanya mtihani kabla ya kupewa leseni. Yaani, msomaji, kabla ya hapo mtu aliweza kununua motokaa asubuhi na kuiendesha jioni kati ya watoto pasipo kupimwa na mtu. Alama nyeupe na nyeusi zifananazo na ngozi ya punda milia zilifuata katika mwaka wa 1951.

Pamoja na hayo, jitihada kubwa ilielekezwa kwa mtoto mwenyewe. Mwaka wa 1953 mama mmoja aitwaye Elsie Mills alibuni hadithi za kindi mdogo, jina lake Tufty, aliyewafunza watoto adabu za barabarani. Chama cha watoto wapendao hadithi hizo kilianzishwa mwaka wa 1961, nacho kikaja kuwa na wanachama wapatao milioni 2. Sitaki kuikashifu kazi hiyo. Ilikuwa kazi ya upendo, na mimi mwenyewe niliifanya darasani kwa namna yangu. Lakini ndani yake lilifichika wazo moja ambalo hakuna aliyelihoji: kwamba mtoto akifunzwa vizuri, atavuka kama mtu mzima avukavyo.

Aliyelihoji wazo hilo kwa utafiti alikuwa mwanamke wa Uswidi, Stina Sandels, mtaalamu wa elimu ya nafsi za watoto. Kwa miaka mingi aliwachunguza watoto wadogo barabarani na darasani, akachapisha kitabu chake katika mwaka wa 1968. Alionyesha kwamba mtoto aweza kukariri kanuni pasipo kuelewa maneno yake. Kwamba hukosea kulia na kushoto. Kwamba hashindwi kwa ukaidi, bali kwa uchanga wa akili na viungo vyake. Hukumu yake ilikuwa nzito: mtoto mdogo hawezi kugeuzwa afae barabara, kwa hiyo barabara ndiyo igeuzwe imfae mtoto.

Niliposoma habari hizo nilimkumbuka mwanafunzi wangu, nikaona aibu na faraja kwa wakati mmoja. Chuoni tulifundishwa kwamba mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Hakuna mwalimu mwenye akili ampaye mtoto wa darasa la 2 hesabu ya mwendo, masafa na wakati. Hata hivyo barabara humpa hesabu hiyo asubuhi na jioni, nayo haikubali kosa.

Hebu tuzipitie rika moja moja, maana hatari ya barabara hubadilika kama umri ubadilikavyo.

Mtoto asiyetimiza miaka 5 mara nyingi hudhurika karibu na kwao: uani, kichochoroni, au nyuma ya gari linalorudi kinyumenyume. Yeye hajui hatari ni nini. Akifunika macho yake hudhani kuwa wengine nao hawamwoni. Kwake hakuna somo lifaalo ila mkono wa mtu mzima na lango lililofungwa.

Mtoto wa miaka 5 hadi 9 ameanza shule, naye yajua kanuni akiwa ametulia. Lakini moyo wake hushika jambo moja tu kwa wakati mmoja. Mpira ukivingirika, rafiki akiita, au mama akionekana ng'ambo, kanuni yote hutoweka. Tena kimo chake kinamponza: mtoto wa miaka 6 kwa kawaida hafiki mita 1 na robo, kwa hiyo gari lililosimama kando ya njia ni ukuta kwake, haoni wala haonekani. Macho yenyewe bado hayajakomaa kwa kazi hii. Katika mwaka wa 2010 wataalamu wa chuo cha Royal Holloway, Uingereza, walieleza kuwa watoto wa shule za msingi hawakuweza kutambua kwa hakika kwamba gari lililo mbali linakuja, ikiwa mwendo wake umepita maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32 hivi. Basi mtoto aweza kutazama kulia na kushoto kama tulivyomwagiza, asione hatari iliyo mbele ya macho yake.

Mtoto wa miaka 10 hadi 12 ni bora, lakini hapo ndipo wazazi wamwachapo. Huanza kwenda mbali peke yake, hutumwa dukani, hubadilisha shule. Katika Uingereza imeonekana kwamba watoto wa miaka 11 na 12, wale wanaoingia shule ya sekondari, ndio wagongwao zaidi miongoni mwa watoto waendao kwa miguu. Uhuru wao umekua upesi kuliko uwezo wao.

Mwaka wa 2017 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio walilolifanya kwa barabara ya picha, isiyoweza kumdhuru mtu. Watoto walitakiwa kuvuka kati ya magari yafuatanayo. Watoto wa miaka 6 waligongwa na magari hayo ya picha mara 8 katika kila 100. Wa miaka 8, mara 6. Wa miaka 10, mara 5. Wa miaka 12, mara 2. Wa miaka 14 hawakugongwa kabisa. Angalia hesabu hizo, msomaji, ujipime mwenyewe. Ikiwa umefikia miaka 14, basi yamkini wewe umeupata uwezo ambao mdogo wako hana bado. Lakini rika lako nalo lina adui zake: mzaha wa wenzako, haraka, na simu iliyo mkononi. Uwezo uko, mara nyingi kinachokosekana ni utulivu wa kuutumia.

Linabaki jambo la mwendo, nalo ni la hesabu tupu. Dereva aonapo hatari huchukua kama sekunde 1 kabla mguu wake haujaanza kukanyaga breki. Gari liendalo kilomita 30 kwa saa hupita mita 8 hivi katika sekunde hiyo, kisha huhitaji kama mita 5 za kufunga breki kwenye lami kavu. Jumla mita 13. Gari liendalo kilomita 50 hupita kama mita 14 kabla breki hazijaguswa. Basi mtoto akichomoza mita 13 mbele ya magari hayo mawili, la kwanza husimama miguuni pake, na la pili humpiga kwa mwendo wake wote. Tofauti ya kilomita 20 kwa saa, ambayo humwahirisha dereva dakika chache tu, kwa mtoto ni tofauti ya kufika nyumbani na kutofika.

Nchi iliyoyatia mambo haya katika matendo kwa sauti kubwa ni Uholanzi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia nchi hiyo ilitajirika, motokaa zikajaa, barabara zikapanuliwa, na watoto wakafa. Katika mwaka wa 1971 zaidi ya watu 3,000 waliuawa barabarani, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Mwandishi wa gazeti aitwaye Vic Langenhoff, ambaye binti yake alikuwa miongoni mwa waliokufa, aliandika mwaka wa 1972 makala yenye kichwa cha maneno makali: Stop de Kindermoord, yaani, Komesheni mauaji ya watoto. Waona jinsi alivyolikataa neno ajali. Wazazi walimfuata, wakaunda chama kwa jina hilo hilo. Walifunga njia ili watoto wacheze, waliandamana kwa baiskeli, walikwenda kwa wabunge. Mwisho wa mwaka wa 1973 mafuta yalipungua duniani, na serikali ikapiga marufuku motokaa siku za Jumapili; watu wakaonja tena ladha ya njia tulivu. Mwaka wa 1976 sheria ikatambua mitaa ya makazi ambamo motokaa ni mgeni: dereva aende kwa mwendo wa kutembea, na watoto waruhusiwe kucheza. Njia za baiskeli na matuta vikajengwa kote nchini. Hata kufikia miaka ya 2010, watoto wa umri usiozidi miaka 14 waliokufa barabarani katika Uholanzi walikuwa wamepungua chini ya 30 kwa mwaka. Usione vyaelea, vimeundwa.

Hapa nakuomba uwe mwangalifu, kama impasavyo mwanafunzi wa historia. Si kila hesabu inayoshuka ni ushindi. Mtaalamu Mayer Hillman na wenzake walichapisha utafiti wao wa Uingereza katika mwaka wa 1990. Waliona kwamba mwaka wa 1971 watoto 80 katika kila 100 wa miaka 7 na 8 walikuwa wakienda shuleni pasipo mtu mzima. Mwaka wa 1990 walikuwa 9 tu. Vifo vya watoto vilikuwa vimepungua, lakini kwa sehemu ni kwa kuwa watoto walikuwa wamefungiwa ndani. Ziwa lenye mamba likikosa waogeleaji halitauwa mtu, wala haliwi salama kwa hilo. Kipimo cha kweli ni hiki: je, watoto watembea, nao wafika?

Kwamba jambo hilo lawezekana, tumekwisha kulishuhudia. Katika mwaka wa 1997 Bunge la Uswidi liliazimia kwamba lengo la nchi ni kutokuwako kabisa kwa mtu afaye au aumiaye vibaya barabarani, na kwamba wajengao barabara na watungao kanuni nao wanapaswa kulijibu kosa, wala si mpita njia peke yake. Wengi waliona kuwa hiyo ni ndoto. Lakini mwaka wa 2019, katika mji wa Oslo, nchi jirani ya Norwei, wenye wakazi zaidi ya 600,000, hakufa barabarani hata mtu mmoja aendaye kwa miguu, wala mpanda baiskeli, wala mtoto. Aliyekufa alikuwa mtu mmoja tu, dereva.

Sasa turudi nyumbani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani katika mwaka wa 2021, na kwamba barabara ndiyo iwauayo wengi zaidi miongoni mwa watu wa miaka 5 hadi 29, kuliko maradhi yoyote. Katika Kenya zaidi ya watu 4,000 waliuawa barabarani katika kila mwaka wa 2021, 2022 na 2023, na kundi lao kubwa kuliko yote lilikuwa la waendao kwa miguu. Historia yetu ina sura yake. Katika mwaka wa 2003 elimu ya msingi ilipofanywa kuwa bure, zaidi ya watoto milioni moja waliongezeka shuleni. Ilikuwa baraka kubwa, lakini milioni hiyo ilifika shuleni kwa miguu zaidi kuliko kwa gari. Barabara nazo zilitiwa lami, zikanyoshwa, magari yakaongeza mwendo, na bodaboda zikajaa. Njia iliyopita mbele ya shule ikawa bora kwa msafiri na mbaya kwa mwanafunzi.

Wala si kweli kwamba hatujui kutengeneza kinga. Mwaka wa 2004 ilianza kutumika amri ya waziri John Michuki kwamba matatu zifungwe vidhibiti mwendo, zisizidi kilomita 80 kwa saa, na abiria wafunge mikanda. Kifaa kilichokataliwa na wapiga kura wa Cincinnati mwaka wa 1923 ni ndugu ya kile kilichofungwa katika matatu zetu miaka 81 baadaye. Sheria yetu ya barabara huweka kilomita 50 kwa saa kuwa mwisho wa mwendo mijini. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 53, yasema kwamba maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo limhusulo. Kila jambo, msomaji. Na barabara ni jambo mojawapo. Kwa hiyo tunapouliza matuta yajengwe mbele ya shule, njia ya miguu itengwe kando ya lami, na mwendo upunguzwe hata kilomita 30 pale watoto wavukapo, hatuombi sadaka. Twadai kilichoandikwa.

Huenda ukauliza, mimi ni mwanafunzi, nifanye nini? Mosi, jua kwamba katika nyumba yenu yamkini wewe ndiwe wa kwanza miongoni mwa watoto kufikia umri wa kuweza kuvuka vema. Mdogo wako wa miaka 6 akitembea nawe, usimwambie, tazama. Mshike mkono, wala usiuachie hata akiona aibu mbele ya wenzake. Pili, usimcheke mwenzako asubiriye kivukoni. Tatu, kumbuka kwamba baada ya miaka michache wewe utakuwa dereva, au mhandisi, au diwani, au mzazi katika mkutano wa shule. Siku hiyo utaulizwa ukubali barabara pana isiyo na kivuko, nawe utaambiwa kuwa watoto watafunzwa kujihadhari. Jibu utakalolitoa litakuwa historia ya wengine.

Nami bado nalifundisha lile somo: kulia, kushoto, kulia tena. Ni somo la haki, na mtoto asilikose. Lakini siku hizi, baada ya kulifundisha darasani, huenda na wenzangu barabarani jioni, tukasimama pande zote mbili hata mtoto wa mwisho avuke. Na katika mikutano ya wazazi hatuachi kulitaja tuta ambalo halijajengwa. Penye mazishi sitabishana na mzee asemaye kuwa ajali haina kinga, maana maneno yale ni kitambaa cha kufutia machozi. Bali wewe uliyeisoma insha hii hata mwisho hunayo ruhusa ya kuyasema mahali pengine. Yule msichana hakuwa na kosa. Alikuwa na miaka 7, akamwona mama yake, akakimbia. Sisi wakubwa tuliijenga barabara ambayo mtoto akiwa mtoto hufa, na kilichojengwa na watu chaweza kujengwa upya na watu.